Sababu Inayostahimili Mvua: Ushauri kwa Anayetaka Kupunguza Uzani

Waulizaji ni wengi, swali ni moja: "Najua nimenenepa kupita kiasi. Najua hata la kufanya. Lakini sina moyo wa kuanza, na nikianza, siku tatu ni nyingi. Wenzangu huo moyo wanautoa wapi?" Huuliza mwenye duka anayekaa kitini tangu asubuhi, mwendesha boda ambaye miguu yake haigusi tope, mwalimu ambaye kitambi kimemtangulia darasani, na mama ambaye nguo za kabla ya mtoto wa tatu hazimwingii tena.

Wala si jambo la wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022, ule unaojulikana kama KDHS, ulionyesha kuwa takriban asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzani uliozidi au ni wanene kupindukia.

Jibu langu kwa kifupi ni hili: usingoje hamu ije ndipo uanze. Tafuta sababu moja iliyo yako kweli, ifunge kwenye tendo dogo unaloliweza hata siku mbaya, na hamu itakukuta njiani. Jinsi ya kufanya hivyo hapa kwetu Olenguruone, penye baridi, matope, chai ya maziwa na viazi, ndiyo habari ya makala haya.

## Kwanza pima, usikisie

Kunenepa si dhambi, na si kila mnene ni mgonjwa. Kabla ya kuanza lolote, jua ulipo.

- Kiuno. Azima utepe wa fundi cherehani. Simama wima, toa pumzi kama kawaida, pima usawa wa kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Mwanamke akifika sentimita 80 na mwanamume 94, mafuta ya tumboni yameanza kuwa hatari kwa afya.
- Uzani kwa kimo. Zidisha kimo chako kwa mita mara chenyewe, kisha gawanya kilo zako kwa jibu hilo. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 77: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 77 ukigawanya kwa 2.56 unapata 30. Kuanzia 25 uzani umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia.
- Presha na sukari. Nenda hospitali iliyo karibu, au mwulize mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chenu. Tangu Septemba 2023 serikali imewagawia wahudumu hao mikoba yenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na mizani.

Pitia kwa daktari kabla ya kubadilisha ulaji ikiwa:

- unatumia insulini au vidonge vya kisukari, kwa sababu ukipunguza chakula ghafla sukari inaweza kushuka ukazimia;
- una mimba au unanyonyesha;
- una ugonjwa wa moyo au figo, au kifua hukubana unapopanda mlima;
- ulianza kunenepa baada ya kupewa dawa fulani. Sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu na baadhi ya dawa za pumu au za akili huweza kuongeza uzani. Usiziache mwenyewe, omba ushauri wa kubadilishiwa.

Na kama unapungua bila kujitahidi, hiyo si bahati. Nenda ukapimwe.

## Hatua ya 1: Zitoe sababu za watu wengine

Chukua karatasi. Andika kila sababu inayokujia ya kutaka kupungua, hata zile za aibu. Kisha pitisha kalamu juu ya kila moja ambayo mwenyewe si wewe. Mara nyingi huwa hizi:

- "Harusi ya dada yangu ni Agosti." Harusi ikipita, sababu imekwisha, na kilo hurudi kabla ya picha kutengenezwa.
- "Mume wangu alinisema mbele ya watu." Hasira huwasha moto mkali, lakini kuni zake ni chache. Mkipatana, umezimika.
- "Fulani amepungua, nami nisiachwe." Siku fulani akinenepa tena, utapumzika.

Sababu hizi si mbaya, ila hazina uwezo wa kukutoa kitandani mwezi wa nne.

## Hatua ya 2: Chimba zile zilizobaki

Jiulize "kwa nini" mara tatu au nne mpaka ufike kwenye jambo linaloshikika kwa mkono. Tuseme ni mama mwenye ekari moja ya chai kwenye mteremko:

- Nataka kupunguza kilo 15. *Kwa nini?*
- Kwa sababu magoti yananiuma. *Yanakuzuia nini?*
- Kushuka shambani na kupanda tena na kikapu mgongoni. *Imekugharimu nini?*
- Nimeanza kumlipa kijana achume majani yangu, na pesa ya chai inaishia kwake.

Hapo amefika. Sababu yake si kilo 15, ni kuchuma majani yake mwenyewe na kubaki na pesa yake. Kilo 15 ni hesabu tu, na hesabu haimsukumi mtu nje wakati wa baridi. Pesa inayotoka mfukoni kila wiki humsukuma.

Wengine wakichimba hufika kwingine: kuacha kukoroma ili mwenzake alale, kuinama kufunga kamba za viatu bila kushika pumzi, kutofuata njia ya baba aliyepooza kwa presha, kucheza mpira na watoto hata kwa robo saa. Yako unaijua wewe.

## Hatua ya 3: Ijaribu kwa maswali matatu

1. Je, ningeitaka hata kama hakuna mtu atakayeniona? Kama la, rudi hatua ya 1.
2. Je, naweza kuona dalili yake ndani ya mwezi mmoja? "Nisipate kisukari nikiwa mzee" ni sababu nzuri lakini iko mbali. Ipe mwenzake wa karibu: "Nipande kutoka sokoni hadi kwetu bila kusimama."
3. Je, itanisimamisha mvua ikinyesha? Hapa kwetu swali hili si la mafumbo. Mvua itanyesha, asubuhi ukungu utafunika nyua, na blanketi litakuwa tamu. Sababu inayofanya kazi siku za jua pekee haitoshi.

Ikipita maswali yote matatu, iandike kwa maneno kumi au pungufu na uibandike pale majaribu yalipo. Usiibandike chumbani. Ibandike kwenye kifuniko cha mkebe wa sukari, au ndani ya mlango wa kabati la mafuta ya kupikia.

## Hatua ya 4: Punguza lengo mpaka ulionee haya

Wengi huvunjika moyo kwa sababu walijipangia kilo 20 kwa miezi miwili. Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na kuna wiki ambazo hutapungua kabisa.

Lengo la kwanza liwe asilimia 5 ya uzani wako. Mwenye kilo 80 atafute kilo 4. Mwenye kilo 100, kilo 5. Usidharau. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa nchini Marekani mwaka wa 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzani na kutembea dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Ukitaka kuhisi kilo 5 ni nini, jaza maji mtungi wa lita 5, upande nao mlima wa kwenu, kisha uutue. Wepesi huo ndio unaoutafuta.

## Hatua ya 5: Funga tendo moja kwenye jambo ulilolizoea

Usiseme "nitaanza mazoezi". Sema lini, wapi, baada ya nini. Tendo jipya lipande mgongoni mwa la zamani:

- "Nikishakama, maziwa nitayapeleka kwa miguu, si kwa boda."
- "Nikitoka Molo au Keringet, nitashuka kwenye matatu kituo kimoja kabla ya changu."
- "Nikifunga duka, nitatembea hadi kanisani na kurudi kabla ya kuingia nyumbani."
- "Mvua ikinizuia, nitapanda na kushuka kibaraza kwa dakika kumi."

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, na katika milima yetu huhitaji kukimbia kuufikia. Anza na dakika kumi. Lililo muhimu wiki ya kwanza ni kutoka nje. Umbali utajiongeza wenyewe.

## Jikoni: pale palipo na faida kubwa

Mwendo husaidia, lakini kilo nyingi hupungulia jikoni. Usibadilishe kila kitu. Moyo utakufa kabla ya Jumamosi. Chagua moja kati ya haya manne:

1. Chai. Katika nyumba nyingi sukari hutiwa sufuriani pamoja na maziwa na majani, chai ikafurika mara mbili, ikaingia kwenye themosi ikiwa tayari imetiwa utamu. Aliye na kisukari, mtoto, na mgeni wote wanakunywa kipimo kimoja. Pika bila sukari. Bakuli na kijiko viwe mezani, kila mtu ajitilie. Mwenye kunywa vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja amekula karibu gramu 48 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi takriban gramu 50 kwa siku kutoka vyakula vyote, na bora abaki chini ya 25. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea.

2. Mafuta. Mtazame mpishi wa kibandani akiandaa chapati. Amepaka mafuta ndani ya donge akalikunja, kisha kijiko upande huu, anageuza, kijiko upande wa pili. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori zipatazo 120. Nyumbani, usimimine mafuta kutoka kwenye chupa. Pima kwa kijiko. Chapati iwe ya Jumapili.

3. Wanga juu ya wanga. Hili ndilo kosa letu hasa, sisi wa nchi ya viazi. Ugali kwa mchuzi wa viazi, chapati kwa viazi, wali ndani yake viazi. Kiazi si mboga. Ama ule ugali, ama viazi. Nusu ya sahani iwe sukuma wiki, kabeji, managu au mrenda. Robo ugali au viazi. Robo iliyobaki maharagwe, ndengu, mayai au nyama. Viazi vya kuchemsha hushibisha vizuri. Vibanzi ndivyo vinavyobeba mafuta.

4. Chakula cha usiku. Asiyekula mchana hula mara mbili usiku, tena akiwa na njaa isiyochagua. Kula mchana, hata kama ni githeri baridi iliyofungwa asubuhi.

Na mursik? Si adui. Haina sukari ya kuongezwa na inashibisha. Bilauri moja, si kibuyu.

## "Lakini..."

"Nikikonda watasema ni mgonjwa." Ni kweli, watasema. Kwetu kunona kumekuwa dalili ya neema kwa muda mrefu, na wembamba umehusishwa na maradhi. Andaa jibu mapema, la mzaha: "Daktari ameniambia nipunguze presha, na ninamtii." Neno "presha" hufunga mjadala haraka kuliko neno "daieti".

"Nikikataa chakula ugenini nitaonekana nina dharau." Usikatae, punguza. Pokea sahani kwa mikono miwili na useme, "Asante sana mama, nitilie kidogo nianzie hapo." Kula polepole, sifu mboga, uombe mboga zaidi. Mwenyeji hufurahishwa na anayeomba kuongezwa, na mboga pia ni kuongezwa.

"Mimi hulima, nanenepaje?" Kulima viazi ni kazi ya msimu. Hesabu siku za jembe katika mwezi huu, kisha hesabu safari za boda. Jiulize pia baada ya jembe unakula mandazi mangapi.

"Ni ya ukoo wetu." Kurithi kupo, na kuna watu wanaopungua kwa taabu kuliko wengine. Lakini ukoo hurithishana pia sufuria, kipimo cha sukari na saa ya kula. Hayo yako mikononi mwako.

"Sina pesa." Hakuna kitu humu cha kununua. Sukari na mafuta yakipungua, pesa inabaki.

"Nimejaribu mara nyingi." Basi una habari ambazo anayeanza hana. Andika ulipokwama kila mara. Kama ni usiku, tatizo ni chakula cha mchana. Kama ni wikendi, tatizo ni sherehe. Ziba hapo, usianze upya kila kitu.

## Siku ambayo hamu imekufa

Itakufa. Mara nyingi ni wiki ya tatu au ya nne, mizani ikigoma. Siku hiyo:

1. Fanya nusu, au robo. Tembea hadi langoni na kurudi. Unalinda desturi, si kalori.
2. Usikose mara mbili mfululizo. Kukosa siku moja ni mapumziko. Siku ya pili mwili huanza kuamini umeacha.
3. Usijiadhibu. Aliyekula nyama choma na ugali wa watu wawili Jumamosi asifunge Jumapili. Arudi kwenye mlo wa kawaida unaofuata.
4. Lala. Usingizi mfupi huongeza njaa, hasa ya vitu vitamu.
5. Soma tena ile sababu. Kama haikugusi tena, chimba nyingine. Sababu hubadilika maisha yakibadilika.

## Makosa yanayoua moyo

- Kujipima kila siku. Maji, chumvi na hedhi vinaweza kuhamisha mizani kilo moja au mbili bila mafuta kubadilika. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, mizani ile ile. Mizani ya kununulia majani chai au viazi iache ifanye kazi yake.
- Kutazama kilo pekee. Andika pia tundu la mshipi, presha, na mara ngapi umesimama kupumzika mlimani. Kuna wiki kilo hukaa pale pale na kiuno kikapungua.
- Chai na vidonge vya kupunguza tumbo. Vingi vinavyouzwa mitandaoni na masokoni ni vya kuharisha. Kinachotoka ni maji, na unaweza kuondoka na madhara ya moyo au figo. Dawa halisi za kupunguza uzani zipo, lakini huandikwa na daktari anayekufuatilia.
- Mashindano ya pesa kwenye chama. Mtu atajinyima hata maji ili ashinde. Chama kikitaka kusaidia, kitembee pamoja kabla ya mkutano, na chai ya mkutano ipikwe bila sukari.
- Kutangazia kila mtu. Sifa za mapema hushibisha kabla ya kazi. Mwambie mtu mmoja tu atakayekuuliza kila Jumapili, "Wiki hii je?"
- Kupanga kupungua Desemba. Kuna Krismasi, wageni kutoka mjini na sherehe za vijana wanaotoka jandoni. Mwezi huo lengo liwe kutoongezeka. Hilo nalo ni ushindi.

## Kazi ya wiki hii

- Jumatatu: pima kiuno na uzani, uandike kwenye daftari.
- Jumanne: andika sababu zote, ufute za wengine.
- Jumatano: chimba moja kwa "kwa nini" mpaka ishikike.
- Alhamisi: ijaribu kwa maswali matatu, uibandike kwenye mkebe wa sukari.
- Ijumaa: chagua tendo moja la mwendo, lifunge kwenye kazi uliyoizoea, ulifanye.
- Jumamosi: chagua moja kati ya yale manne ya jikoni, uwaambie wa nyumbani kwa nini.
- Jumapili: mtafute yule mtu mmoja, mkubaliane saa ya kuulizana.

Baada ya hapo rudia mambo hayo mawili, la mwendo na la jikoni, kwa mwezi mzima bila kuongeza la tatu. Mwezi ukiisha jipime tena kiuno, na ndipo uchague lifuatalo.